Kifuniko cha Sufuria la Pilau

Rasbura, Lindi
Jumatano, baada ya adhuhuri

Mwanangu Somoe,

Barua za kwetu huanza kwa mwandishi kusema yeye hajambo, hofu ni kwa yule aliye mbali. Wewe bado hujawa mbali. Uko Mingoyo na mama yako mnamuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua dada yangu, hamtarudi kabla hamjalishwa mara mbili na kulizwa mara moja. Mimi hapa ndiye sijui kama sijambo. Salamu basi tuziache. Mkirudi magharibi utanipa shikamoo yangu, nami nitaitikia marahaba kama mtu asiye na neno.

Ninaiandika hii nikiwa ndani ya gari. Najua unacheka. Nyumba nzima hii hakuna mahali pengine ambapo mtu anaweza kukaa na kalamu bila kuulizwa anaandika nini. Karatasi nimeiegemeza kwenye usukani, miguu iko kwenye pedeli zisizokanyaga kitu, na kwenye kiti cha nyuma kuku mweupe wa mama yako ameatamia, ananitazama kwa jicho moja kama mgeni asiyepiga hodi. Ana haki. Yeye amelitumia gari hili kwa faida kuliko mimi.

Kesho alfajiri unapanda basi la Dar es Salaam, halafu treni mpaka Mwanza, chuoni. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za mahali pa kuficha tiketi, wala nani ushike naye sanduku pale kivukoni Ndundu. Mama yako ameyasema hayo mara saba, na ya nane utayasikia kupitia dirisha la basi. Mimi nina jambo moja. Nimekaa nalo miaka minane na lilikuwa limeshanizoea. Wiki tatu zilizopita likaamka.

Ulikuwa umerudi kutoka usaili, tumekaa tunakula, unatusimulia. Walimu watatu nyuma ya meza. Yule mama mwenye miwani akakuuliza, injini ya dizeli imeshika kasi yenyewe, umezima ufunguo na haizimiki, utafanya nini? Ukamjibu, "Naiziba hewa." Akasema vizuri, umeyasoma wapi haya? Na wewe ukasema, "Sikusoma. Nilimwona baba yangu akifanya."

Mama yako akainuka kwenda kuangalia chungu jikoni. Jikoni hakukuwa na chungu. Mimi nikasema "Ahaa," nikaongeza samaki. Samaki yule, Somoe, hajashuka mpaka leo.

Hukuniona nikifanya. Wewe unajua na mimi najua. Ila hatujawahi kulisema, na kesho unaondoka, kwa hiyo nitalisema mimi. Lakini nitaanzia mbali kidogo, maana usipojua nilivyokuwa mjinga polepole, hutaelewa nilivyokuwa mwoga kwa ghafla.

Wewe ulikuwa mdogo milango ya nchi ilipofunguliwa. Watu tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukaamka tunakuta sabuni za rangi tano, na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kwenye korosho. Nikarudi kwetu Kiranjeranje, nikanunua kwa wajomba na mabinamu, nikapata msimu mmoja mzuri. Mmoja tu, lakini mtu akipata msimu mmoja anadhani amepata kipaji. Wenzangu wote waliopata msimu ule walinunua pikapu. Mimi nilikwenda Dar es Salaam kununua pikapu, nikapita kwenye yadi ya magari yaliyotumika Japani, nikaliona hili. Jekundu. Milango miwili. Dogo kama kiatu, lakini la dizeli, na chini ya boneti lina tabo.

Kwa ajili ya yeyote atakayeisoma barua hii juu ya bega lako kwenye treni, tabo ni kile kikombe cha chuma chenye pangaboi ndogo ndani, kinachozungushwa na moshi wa gari na kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Gari dogo linakwenda kama lina deni na upepo. Muuzaji alikanyaga mafuta, nikasikia ule mluzi, fiii, nikasahau pikapu ni nini. Mama yako aliponiuliza gunia la korosho litakaa wapi, nilimwambia buti linafunguka vizuri.

Kulileta kulichukua siku nne. Kesho ukipita Kinjumbi utaona pale barabara inapoinama kabla ya kijiji. Nililala pale siku mbili, tumbo la gari limekaa kwenye tope, malori yananipita pembeni na matingo wake wananipungia mkono. Mwisho wanaume wa Kinjumbi walilibeba. Sisemi walilisukuma, walilibeba, kama jeneza, na mmoja wao akaniuliza kwa heshima kabisa, "Sasa ndugu, hili ni gari kweli, au umelinunulia watoto?"

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi ndiyo kwanza nikaanza kuliboresha. Nilikata springi za mbele ili liiname kama magari niliyoyaona kwenye majarida. Fundi Damasi, unamjua alivyo, Mmakonde wa mlimani asiyecheka hata akichekesha, alinikabidhi msumeno kwa mikono miwili akasema, "Kata, Baba Somoe. Ila barabara yetu hii hata chura anapita ameinua tumbo." Nikakata. Nikatoa sailensa, nikaunganisha bomba nene lililokuwa la maji. Nikazungusha skrubu ya pampu ya dizeli robo mzunguko, likavuta. Nikazungusha robo nyingine, likavuta zaidi, likatoa moshi mweusi uliofunga mtaa. Jirani yetu Mzee Hashimu akaja na kanzu yake mkononi, ilikuwa nyeupe upande mmoja.

"Baba Somoe, mimi naanika nguo Alhamisi. Gari lako huwezi kulichoma Jumamosi?"

Wewe ulikuwepo siku zote hizo, umekalia tairi bovu na daftari la shule mapajani, unajifanya unafanya hesabu. Nilidhani unanistaajabia mimi. Ilinichukua miaka kugundua kwamba ulikuwa unamsikiliza Damasi.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana huko uendako sidhani kama watakufundisha hili. Vumbi la njia ya Kiranjeranje liliziba filta ya hewa. Filta ya gari lile haikuwepo Lindi, haikuwepo Mtwara, na ya kuagiza Dar es Salaam ingechukua mwezi. Damasi akasema liegeshe ungoje. Kungoja nilikuwa siwezi. Nikamwona mama yako anashona mito, anajaza sufi, nikafikiri, kitu laini hivi, hewa inapita, vumbi linabaki, Wajapani wenyewe hawajui. Nikachukua kipande cha chandarua, nikashona mfuko, nikaujaza sufi, nikaufunga kwenye mdomo wa bomba la hewa kwa mpira wa tairi la ndani. Nikalielekeza bomba juu ili watu walione. Nilijivuna na mfuko ule kuliko nilivyojivuna na msimu wa korosho.

Mama yako huchambua sufi kabla ya kujaza mto. Mimi sikuchambua. Na sufi isiyochambuliwa ina mbegu.

Pangaboi ya tabo inazunguka kwa kasi isiyohesabika, mwanangu, na mbegu ya sufi ni ngumu kama risasi ya manati. Zikapita moja moja, zikaimega pangaboi ncha, ikaanza kuyumba, ikala bushi zake, oili ya injini ikaanza kuvuja ndani ya bomba la hewa. Haya nayasema leo kama mtaalamu. Wakati ule nilichokiona ni moshi wa bluu, na oili inayopungua bila kudondoka chini. Mluzi nao ukageuka, ukawa unakwaruza.

Nikaanza kutafuta. Nilibadilisha nozeli. Nilifungua silinda hedi, nikabadilisha gasketi. Nilishusha pistoni, nikaweka ringi mpya. Nililaumu dizeli ya kituo kwamba imechanganywa mafuta ya taa, nikagombana na mtu wa watu. Miezi minne, Somoe, nilifungua kila kitu ndani ya gari lile isipokuwa kile nilichokitengeneza kwa mkono wangu. Damasi aliwahi kuuliza mara moja, "Na huo mto wako?" Nikamwambia huo ndio kitu pekee kizima humu. Yeye akishasema mara moja hasemi tena.

Lakini siku ileile, akiwa chini ya gari, alisema jambo jingine, na alikuwa anakujibu wewe. Uliuliza kwa nini dizeli haina plagi. Akakwambia dizeli haihitaji cheche, inahitaji kitu cha kuungua na hewa ya kuunguzia, basi. Akasema, "Ikishaanza kunywa oili yake yenyewe, ufunguo unakuwa pambo. Ukiwa umekaa ndani, tia gia kubwa, kanyaga breki, achia klachi, ife. Ukiwa nje, mnyime hewa." Mimi nilikuwa napiga rangi rimu. Niliyasikia maneno yale kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Ikaja Idi.

Unaikumbuka kuliko mimi. Watu wametoka kuswali, mtaa umejaa kanzu na manukato, watoto mna nguo mpya, wewe una viatu vyekundu ulivyovililia Ramadhani nzima. Mama yako amepika pilau uani kwa ajili ya mtaa, lile sufuria kubwa. Na mimi, badala ya kugawa pilau, nimeweka gari mbele ya nyumba na kufungua boneti. Nikautoa mfuko wa sufi ili watu wausikie mluzi vizuri. Nikawasha. Nikasimama kwenye boneti, nikawa navuta mkono wa mafuta kwa kidole, uum, uum, kama mpiga zeze. Mzee Hashimu akasema, "Leo angalau sijaanika."

Nikauachia mkono wa mafuta. Sauti haikushuka.

Nilidhani umenata, nikaupiga. Haikushuka, ikapanda. Nikaingiza mkono dirishani, nikazima ufunguo. Ikapanda tena. Nikauchomoa ufunguo kabisa, nikauangalia kiganjani mwangu. Sijawahi, mpaka leo, kushika kitu kisichonisaidia namna ile. Injini inalia kama imechomwa kisu, gari zima linatetemeka, moshi mweupe unaumwagikia mtaa, sioni hata kuta, watu wanakimbia wanaitana majina, na mimi nimesimama na ufunguo.

Halafu nikakimbia.

Hilo ndilo neno, Somoe, nimelizunguka kurasa hizi zote. Nilikimbia. Sikuangalia uko wapi. Hata lile wazo kwamba nina mtoto halikunijia. Niliruka mtaro, nikaruka ukuta mfupi wa Mzee Hashimu, nikajilaza nyuma ya banda lake la mbuzi nimefunika kichwa, nangoja mlipuko. Mbuzi nao walikuwa wamelala vilevile.

Badala ya mlipuko, kikaja kimya.

Niliporudi, moshi bado haujatulia. Nikakukuta umeinama juu ya injini, umekilalia kifuniko cha sufuria la pilau kwa mikono miwili na kifua, umekibana kwenye mdomo wa bomba, na huachi, ingawa imeshazimika. Mkono wako wa kushoto ulikuwa umeegemea chuma cha tabo. Nakumbuka harufu. Nilikutoa pale, hukulia, ulisema tu, "Baba, imekufa?" Mama yako akatokea kwenye moshi, akaona mkono, akakubeba ndani kwenye maji. Nikabaki mimi, nimesimama mbele ya gari, kifuniko mkononi.

Na hivyo ndivyo moshi ulivyoniacha watu walipoanza kurudi.

"Kazima! Baba Somoe kazima!"

Sikusema ndiyo. Nataka nijitetee kwa hilo, ingawa ni utetezi wa mbwa aliyekamatwa na mfupa. Sikusema ndiyo, lakini sikusema siyo. Wakanipa mkono. Wakanipa pilau kutoka sufuria langu mwenyewe. Jioni mtu akaniuliza ulifanyaje, nikasema, "Aa, nilikumbuka tu kwamba moto hauishi bila hewa." Baada ya mwezi nilikuwa na sentensi tatu. Baada ya mwaka ilikuwa hadithi, ina mwanzo na vituo vya watu kucheka. Nimeisimulia barazani, kwenye harusi mbili, na mara moja kwenye matanga, Mungu anisamehe, kumliwaza mfiwa. Kila nilipoanza, mama yako aliinuka kwenda kuangalia chungu. Na wewe ulikaa. Watu walipokuuliza kovu hilo, la kutoka kifundo cha mkono mpaka chini ya dole gumba, ulisema, "Niliungua na sufuria." Hukusema uongo, ukiangalia vizuri. Mimi ndiye niliyesema.

Kuna la pili, na hili labda ni baya zaidi. Baada ya pale nilikukataza magari. Unakumbuka nilivyokuwa mkali, nikasema spana si za mtoto wa kike, na mkono wako umeshaharibika unatosha. Haikuwa habari ya mkono. Kila nilipokuona umeshika spana nilikuwa naona viatu vyekundu kwenye moshi. Nilikufukuza kwenye kitu unachokipenda ili mimi nisikumbushwe. Ulikwenda kwa Damasi kwa siri miaka miwili, ukirudi unanuka dizeli na unasema umetoka madrasa. Nilijua. Ustadhi wenu hakuwahi kunuka dizeli. Nikanyamaza, nikajiona baba mwema kwa kunyamaza kwangu.

Sasa nikueleze ya leo asubuhi.

Nilikuwa nimeamua kwamba kabla hujaondoka nitawaambia watu. Sio kukuandikia tu wewe pembeni, kuwaambia wao, walewale niliowasimulia. Nilibeba sanduku lako kwa Damasi kwa sababu mshikio ulikuwa umelegea, na nilijua saa zile baraza lote liko pale, Mzee Hashimu na wenzake, wanakunywa kahawa kwenye ile injini ya gari letu aliyoigeuza benchi. Nikakaa. Nikakohoa. Nikasema, "Jamani, ile Idi, ile injini. Sikuizima mimi. Aliizima Somoe. Mimi nilikimbia."

Nikangoja mbingu zidondoke. Damasi akaendelea kugonga mshikio.

"Tunajua," akasema.

"Mnajua nini?"

"Mimi nilikuwa nimelala mtaroni, Baba Somoe. Mtaroni mtu anaona chini ya gari. Niliona miguu miwili tu mbele ya injini, ya mtoto, ina viatu vyekundu. Yako niliiona pia. Ilikuwa inapita juu yangu."

Mzee Hashimu akasema, "Na mimi nilikuwa palepale nyuma ya banda langu. Nyuma ya mbuzi wa tatu. Ulinikanyaga mkono."

Wakacheka, Somoe, kikombe cha mtu kikamwagika. Nikawauliza miaka minane yote mbona mlikuwa mnasikiliza, tena mnaniuliza maswali, "halafu ikawaje Baba Somoe?" Mzee Hashimu akafuta macho akasema, "Tulikuwa tunataka kuona utafika wapi. Mwaka jana ulikuwa umeshavua shati."

Nami nikacheka. Ungefanya nini? Miaka minane nimelinda siri ambayo mtaa mzima ulikuwa unaitumia kama kashata ya kahawa. Lakini nikamuuliza Damasi, na hapa nilikuwa siulizi kwa utani, mbona wewe hukuniambia hata faraghani. Akaacha nyundo.

"Nilikatazwa."

"Na nani?"

"Na mwenyewe. Alikuja hapa siku ya pili yake, mkono umefungwa kitambaa. Akanisalimia vizuri. Akasema, Fundi, jana uliniona? Nikasema nilikuona. Akasema, basi usiseme, mwachie baba. Gari lenyewe limeshakufa, asibaki bila kitu."

Hapo watu hawakucheka. Mzee Hashimu alikuwa anaangalia kikombe chake. Nikapokea sanduku, nikashukuru, nikarudi nalo kichwani, na njiani nilisalimiwa na watu watatu ambao siwezi kukutajia ni nani, kwa sababu sikuwaona.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja.

Nimekaa humu ndani tangu wakati huo natafuta la kukufanyia. Nimefungua kila kitu kichwani mwangu, kama nilivyofanya gari lile miezi minne. Siwezi kulichukua kovu. Siwezi kurudi nyuma nikakuta nimesimama pale kwenye moshi. Nilifikiria kuja na wewe mpaka Dar es Salaam, nikajiona nitakuwa mzigo wa pili tu, na huu wa kwanza ndiyo kwanza umetiwa mshikio. Mtoto aliyenibeba miaka minane, nimbebe nini mimi mpaka stendi? Nimetafuta na sikupata, na nakwambia hivyo kwa sababu nimechoka kuwa mtu aliyepata.

Naomba kitu kimoja tu, na hata hiki si cha kukupa, ni cha kukurudishia. Utakapofika, yule mama mwenye miwani au mwingine atakuuliza tena ulijifunza wapi. Sema ni wewe. Sema ulisikia fundi akisema, ukashika kifuniko, ukaiziba. Wakikuuliza baba yako alikuwa wapi, waambie nyuma ya banda la mbuzi. Usinifiche. Sitabaki bila kitu, mwanangu. Nina kuku.

Na siku utakapokuwa umefungua injini ya mtu, umetafuta kila mahali na huoni kosa, kumbuka ule mfuko wa sufi. Kaanze kuangalia pale ulipojisifu.

Nasikia sauti ya mama yako kona ya Mzee Hashimu, anakueleza habari ya maji ya kuchemsha. Nimalize.

Chini kabisa ya sanduku, chini ya mashuka, nimekiweka kile kifuniko. Kigeuze ndani utaona alama ya duara, mdomo wa bomba ulivyokibana. Mama yako amekisugua kwa majivu miaka minane na haikutoka. Hajui kama nimekichukua. Atakitafuta Ijumaa, na mimi nitakuwa hapa, nitasema sijui, halafu nitakumbuka niliyokuandikia leo na nitasema nimekichukua mimi, na itabidi nimweleze kwa nini. Nafikiri yeye pia anajua. Lakini hajawahi kulisikia kutoka kwangu, na safari hii hakutakuwa na kifuniko cha kwenda kuangalia.

Mmeingia uani. Unaniita. Naitika.

Baba yako,
aliyepita juu ya mtaro